Kabla Hujafunga Mashine ya Vidole Mlangoni

Muuzaji wa mashine za milango akifika ofisini kwako hapa Goma, kitu cha kwanza atakachokutajia ni asilimia. Atakuambia mashine yake inapatia kwa asilimia 99.9, ataweka kidole chake juu ya kioo, taa ya kijani itawaka, naye atakugeukia akitabasamu. Mwache amalize. Kisha muulize umeme ukikatika mlango wake unafanya nini, na alama za wafanyakazi wako zinakaa wapi. Mara nyingi hapo ndipo tabasamu linapopungua. Nafanya kazi ya kufunga na kukarabati mifumo hii, na nyingi nilizoziona zikishindwa katika mji huu hazikushindwa kwa sababu ya asilimia iliyoandikwa kwenye boksi.

Hata hivyo tuanze na hiyo asilimia, maana inapumbaza wengi. Mashine ya bayometriki haimjui mtu, inalinganisha tu. Siku ya kukuandikisha inachukua alama yako, iwe kidole, uso au kiganja, inaigeuza kuwa safu ya tarakimu ambayo sisi mafundi tunaiita kiolezo. Kila unaporudi, inapima kama kilicho mbele yake kinakaribiana na kile kiolezo. Mpaka wa ukaribu huo unawekwa na binadamu. Ukiulegeza, asiyestahili atapita. Ukiukaza, mwenye haki atabaki nje akigonga. Mtu anayekuambia mashine yake imeyamaliza makosa yote mawili, mwombe akuandikie hivyo na atie sahihi.

Sasa fanya hesabu. Chukua mashine ambayo humkubali mgeni mara moja katika kila ulinganisho 1,000. Inasikika vizuri. Lakini una wafanyakazi 300, na umeiacha mashine yenyewe itafute aliye mbele yake ni nani. Mgeni akiweka kidole, analinganishwa na watu 300 kwa mpigo mmoja, na uwezekano wa kufanana na yeyote kati yao unafika karibu asilimia 26. Robo nzima! Mashine hiyo hiyo, ukimtaka kila mtu aguse kwanza kadi yake au aandike namba yake, humlinganisha na kiolezo kimoja tu, na hatari inarudi kuwa moja kwa elfu. Mashine nzuri za siku hizi zina viwango bora kuliko hicho nilichotumia, ila hesabu inabaki vilevile: kila jina unaloongeza kwenye orodha ni mlango mwingine mdogo kwa mgeni. Ndiyo maana kwa ofisi yenye watu wengi sipendekezi kamwe kidole peke yake. Kadi kwanza, kisha mwili uthibitishe kwamba kadi iko mikononi mwa mwenyewe.

Upande wa pili wa kosa hauzungumzwi na wauzaji. Kama mashine inamkataa mwenye haki mara 2 katika kila 100, na watu hao 300 wanapita mara nne kwa siku, watu watakataliwa mara 24 kila siku ya kazi. Unajua kinachofuata. Wiki ya pili haijaisha, mtu anaokota jiwe la volkano, ambalo hapa kwetu halinunuliwi, analiegemeza mlangoni ili usijifunge, na mfumo uliogharimu maelfu ya dola unakuwa pambo la ukuta. Nikiingia kwenye jengo na kuliona jiwe hilo, sihitaji kusoma ripoti yoyote ya mashine.

Kwa nini vidole vinakataliwa sana Goma? Tazama kazi za watu. Wapo wanaopakua makaa na mihogo bandarini Kituku, wapo wanaochonga mawe ya lava kwa nyundo, wanaosukuma chukudu za mbao zenye mizigo, wanaoshika saruji kutwa. Alama ya kidole ni matuta madogo ya ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo inayosagika. Ongeza vumbi jeusi la barabara zetu linaloganda kwenye kioo cha mashine. Ongeza pia dawa ya kuulia vijidudu. Tangu Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, na hasa baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa mjini hapa tarehe 14 Julai 2019, kunawa maji ya klorini kulikuwa sharti la kuvuka mpaka, kuingia benki, kuingia kanisani. Wanaofanya usafi hospitalini na maabarani hawajawahi kuacha.

Katika depo moja ya dawa, mama mmoja mtu mzima anayesimamia usafi ndiye alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, na ndiye mashine ilikuwa inamkataa. “Fundi, hii mashine yako imenichukia,” aliniambia. Nilivitazama vidole vyake kwa tochi ya simu. Shahada na dole gumba vilikuwa laini kabisa, mistari imefutwa na miaka ya javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia. “Mama, tujaribu hiki cha pete, cha mkono wa kushoto.” Kikasoma mara ya kwanza. Kidole hicho hakishiki ufagio wala hakisugui sakafu, kwa hiyo mistari yake hudumu. Kama umeshanunua mashine ya vidole na huna fedha ya kuibadilisha, andikisha kila mtu angalau vidole viwili, kimoja kiwe cha mkono asioutumia sana, na uagize kioo kifutwe kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Hilo peke yake litapunguza malalamiko kuliko programu yoyote mpya.

Na bado watabaki watu wasio na alama zinazosomeka. Mwaka 2018 wakaguzi wa shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa, OIF, walipopitia daftari la wapiga kura la tume yetu ya uchaguzi, CENI, walikuta asilimia 16.6 ya walioandikishwa hawana alama za vidole kwenye kumbukumbu, yaani zaidi ya watu milioni 6. Wanasiasa waligombana sana kuhusu maana ya tarakimu hiyo, na si kazi ya safu hii kuamua nani alikuwa sahihi. Mimi naichukua kama onyo la kifundi: mfumo wowote wa kidole unahitaji njia ya pili iliyopangwa tangu mwanzo, si iliyobuniwa getini na mlinzi aliyechoka.

Basi wengi wanakimbilia uso. Hakuna kugusa, foleni inakwenda haraka, na kamera zimekuwa rahisi. Ila Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha majaribio ya programu nyingi za kutambua nyuso, na ikakuta kwamba katika nyingi kati ya hizo, kosa la kumchukua mtu kuwa mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki, mara 10 hadi 100 kutegemea programu. Maana yake kwetu ni kwamba tarakimu iliyopimwa kwa nyuso za kwingine haikuhusu. Programu chache zilifanya vizuri kwa wote, kwa hiyo tatizo linatibika, lakini ni wewe utakayelipia kama muuzaji amekuletea ile isiyotibiwa. Jaribio langu ni rahisi: naita ndugu wawili wa tumbo moja wanaofanana, namwandikisha mmoja, kisha namtuma mwingine apite. Kama kazini mna Gakuru na Gato, pacha wa yai moja, usitarajie uso uwatenganishe. Vidole vyao na mboni zao hutofautiana, nyuso zao la. Jaribio la pili ni picha kwenye skrini ya simu. Kamera inayofunguka kwa picha haifai hata kulinda choo.

Halafu kuna jua. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na jua la asubuhi likipiga getini moja kwa moja linazima kazi ya taa za infraredi ambazo kamera nyingi huzitegemea. Mashine ya uso iwekwe ndani au chini ya paa, isiangalie mashariki.

Mboni ya jicho nitaipitia haraka. Kwa usahihi haina mpinzani. Hesabu alizobuni John Daugman wa Cambridge miaka ya 1990 bado ndizo msingi wa mashine nyingi, na UNHCR ilitumia mboni tangu 2002 kwa Waafghani waliokuwa wakirudi kwao kutoka Pakistan. Kwa mlango wa ofisi ya kawaida ni ghali, inamtaka mtu asimame sawasawa, na watu hawapendi kuelekezewa mwanga machoni. Iache kwa vyumba vichache sana.

Njia ninayoipenda mimi kwa mji huu ni mishipa ya damu ya kiganja. Mashine hutuma mwanga wa infraredi usioonekana, damu inayorudi moyoni huufyonza, na mishipa hutokea kama mistari myeusi kwenye picha. Kampuni ya Fujitsu ndiyo iliyoijulisha dunia teknolojia hii, na benki za Japani zilianza kuitumia kwa wateja tangu 2004. Kwa kuwa mchoro uko chini ya ngozi, nyundo, saruji na javeli haviufuti. Huachi alama yako juu ya meza au bilauri mtu aje kuinakili, kama alivyofanya Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama mwaka 2002, walipozihadaa mashine za vidole kwa vidole vya jelatini vilivyotengenezwa kwa vitu vya dukani. Na hugusi kitu: unanyanyua kiganja sentimita chache mbele ya kioo, jambo ambalo aliyepitia Ebola ya mwaka 2019 hapa hahitaji kuelezwa. Kasoro zake zipo. Bei ni kubwa kuliko ya kidole, vipuri havipatikani madukani Birere, na mikono iliyopoa sana asubuhi ya mvua wakati mwingine husomeka kwa shida. Kwa chumba cha dawa, kwa kontuari ya madini, kwa hazina ya fedha, nalipa tofauti hiyo bila kunung’unika.

Sasa nije kwenye lile swali la pili, ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Mashine nyingi za bei nafuu huhifadhi violezo vya watu wote ndani ya kisanduku chenyewe kilicho ukutani, na nakala nyingine kwenye kompyuta ya mhasibu au kwenye seva ya kampuni iliyo ng’ambo. Mwezi Agosti 2019 watafiti wa usalama waligundua kwamba hifadhidata ya BioStar 2, mfumo wa milango wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini unaotumika nchi nyingi, ilikuwa wazi kwenye intaneti: rekodi zaidi ya milioni 27, na ndani yake alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja. Namba ya siri ikivuja unaweka nyingine jioni ileile. Kidole kikivuja, mwenye kidole atazeeka nacho.

Hilo ni la wadukuzi wa mbali. Sisi tuna la karibu zaidi. Mji huu ulibadilisha mikono Novemba 2012, na ukabadilisha tena mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia. Katika siku hizo za Januari gereza la Munzenze lilibaki tupu, maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa, benki zikafunga milango, na watu wakaondoka maofisini na walichovaa. Nani alikumbuka kung’oa mashine ukutani? Ndani ya kisanduku kama hicho kuna majina, namba za kazi, saa za kuingia na kutoka, mara nyingi na picha. Ni orodha kamili ya nani alikuwa akifanya kazi kwa nani. Agosti 2021, Taliban walipouchukua mji wa Kabul, vyombo vya habari viliripoti kwamba vifaa vya bayometriki vya jeshi la Marekani vimeangukia mikononi mwao, na Waafghani waliowahi kusomwa vidole na mboni wakaanza kuhofia kutambuliwa barabarani. Aliyewaandikisha hakuwa na nia mbaya. Alidhani tu kwamba jengo litabaki lake.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Goma ni hili: kiolezo kikae kwenye kadi ya mfanyakazi, si kwenye mashine. Teknolojia ipo na si ngeni. Kadi ina chipu. Siku ya kuandikishwa kiolezo kinaandikwa humo na kufungwa kwa usimbaji, na hakuna nakala inayobaki popote. Mlangoni mtu anagusa kadi, ananyanyua kiganja, mashine inalinganisha vile viwili kisha inasahau. Akipoteza kadi, anaandikishwa upya. Ni usumbufu wa robo saa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, ICRC, lilipotoa sera yake ya bayometriki Agosti 2019 lilielekea huko huko kwa watu linaowahudumia: alama ibaki mikononi mwa mwenyewe kwenye kadi, isirundikwe kwenye hifadhidata moja. Januari 2022 seva zilizokuwa na taarifa za shirika hilo kuhusu watu zaidi ya 515,000 wanaotafutwa au wanaotafuta ndugu zao zilidukuliwa, na nadhani hakuna aliyebaki akiiona sera ile kama woga wa kupita kiasi.

Njia hii inakata pia gharama ya sheria. Congo ina Kanuni ya Kidijitali, sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima ya ulinzi wa data binafsi. Usichokihifadhi hutaulizwa umekihifadhije.

Kufuli lenyewe husahaulika, na ndilo linaloshika mlango. Kuna makufuli ya sumaku ambayo yakikosa umeme yanaachia, na kuna ya umeme ambayo yakikosa umeme yanabaki yamefungwa kwa anayeingia kutoka nje. Wafungaji wengi hupenda sumaku kwa sababu ni rahisi kuifunga. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, hata kwa wateja wa Virunga Energies wanaojivunia mtambo wa umeme wa Matebe, mlango wa sumaku usio na betri nzuri ni mlango ulio wazi unaosubiri saa yake, na mwizi wa mtaa anaijua saa hiyo kuliko wewe. Kwa depo natumia lile linaloshikilia, pamoja na betri ya kutosha usiku mzima, na ufunguo mmoja wa chuma kwenye bahasha iliyotiwa lakiri kwa mkurugenzi.

Lakini kwa anayetoka ndani, sheria yangu ni moja: komeo la mkono, hakuna kidole, hakuna kadi, hakuna kitufe cha umeme. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu walitoka majumbani wakikimbilia Gisenyi na Sake, wengine hawajui lava inaelekea wapi. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mwaka 2002 lava ilikuwa imepita katikati ya mji wenyewe. Usimwache mtu aliye kwenye giza na tetemeko akitafuta kadi mfukoni.

Tazama pia mahali rilei ya kufuli ilipo. Kwenye mashine nyingi za bei ndogo imo ndani ya kile kisanduku kilicho nje, kwa hiyo anayekibandua ukutani amezifikia waya za kufuli bila kuhitaji kidole cha mtu. Dai kidhibiti kiwe upande wa ndani, na nje kibaki kisomaji tu.

Na kuna jambo ambalo watu hulinong’ona baada ya kikao. “Fundi, wakija na silaha je?” Mwaka 2005 huko Malaysia wezi wa gari walimkata mwenye gari kidole ili waliwashe. Mashine za siku hizi nyingi hupima kama kiungo kina uhai, lakini mwenye panga hajasoma kijitabu cha maelekezo. Jibu ni mambo mawili. Weka bayometriki kwenye chumba cha ndani tu, si geti la barabarani. Getini aendelee kukaa zamu anayewajua watu kwa sura na sauti. Kisha andikisha alama ya shida: kiganja cha kushoto, au namba tofauti, ambayo hufungua mlango kama kawaida lakini inatuma ishara kimya kwa kampuni ya ulinzi. Mfanyakazi aambiwe waziwazi kwamba akishikiwa silaha afungue. Dawa na dola hurudishwa.

Kabla ya kulipa, omba mashine moja kwa majaribio ya mwezi, na uifunge kwenye mlango wenye mikono migumu kuliko yote, si ule wa mkurugenzi. Hesabu mwenyewe waliokataliwa kila siku kwenye daftari. Siku ya mwisho mwambie muuzaji amfute mtu mmoja kwenye mfumo mbele yako, kisha azime na kuwasha mashine, na mtu yule ajaribu kuingia. Mwambie pia akuonyeshe faili la violezo liko wapi na nakala zake ni ngapi. Akishindwa kulionyesha, au akisema liko kwa wenye kampuni na yeye hana ufikiaji, mrudishie mashine yake pamoja na skrubu zake.